Binti yangu ametuandikia filamu, na baba yake hajui

Mshauri, pokea salamu kutoka Nakuru.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 42, na hii ni ndoa ya mwaka wa 18. Tuna watoto wawili: binti wa miaka 16 ambaye ameingia kidato cha tatu katika shule ya bweni, na mdogo wake wa kiume ana miaka 11. Nyumba yetu haina vita. Baba watoto hanywi, hapigi mtu, na mshahara wake naujua. Naanza hapo usije ukadhani naandika kumshtaki.

Kwetu, wakati wa likizo, Ijumaa usiku ni usiku wa sinema. Utaratibu huo niliuanzisha mimi. Kila mtu ana zamu ya kuchagua, na sinema ikiisha hakuna kwenda kulala kabla ya kujibu swali moja: wewe ungefanyaje? Tuliwahi kutazama Eye in the Sky, ile ya ndege isiyo na rubani inayotaka kulipua nyumba ya magaidi pale Eastleigh, Nairobi, na nje ya ukuta kuna msichana mdogo anauza mkate. Tulibishana hadi saa saba usiku. Baba watoto alisema angefyatua, binti akasema angengoja mkate uishe kwanza. Tukacheka, tukamalizia chai, tukalala.

Agosti mwaka jana tulipanga safari ya Ziwa Turkana. Wiki moja kabla ya kuondoka, zamu ilikuwa yangu, nikachagua The Constant Gardener ya mwaka 2005 kwa sababu sehemu yake ilipigwa Loiyangalani tulikokuwa tunaenda. Mdogo tulimtuma kulala, maana si ya watoto. Kuna mahali mke anamsihi mumewe wasimamishe gari wawabebe watu watatu wanaorudi kwao kwa miguu kutoka hospitalini, kilomita 40. Mume anakataa. Anasema wenye shida ni wengi mno. Mke anamjibu kwamba ni kweli, lakini hawa watatu tunaweza kuwasaidia. Swali letu lilipofika kwangu nilijibu bila kuwaza: "Mimi ningewabeba, hata mapajani." Binti alinikumbatia.

Safari ilikuwa nzuri, naomba uniamini. Tulikuwa watano kwenye Prado kuukuu: sisi wanne na shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Juu ya keria tulifunga magurudumu mawili ya akiba, mitungi ya mafuta na ya maji. Tulipita Nyahururu, Maralal na Baragoi. Mitambo ya umeme wa upepo ilipoanza kuonekana, mdogo akaanza kuihesabu. Iko 365. Alifika 140 akasinzia. Loiyangalani upepo ulitunyima usingizi usiku kucha, lakini asubuhi tulipoliona ziwa hakuna aliyelalamika.

Kurudi tuliamua kupitia North Horr, tukate jangwa la Chalbi hadi Kalacha, kisha Marsabit. Anayeijua Chalbi anajua: ni ziwa lililokauka zamani sana, ardhi imelala tambarare, nyeupe kwa chumvi, na mbele yako kuna mazigazi yanayokuonyesha maji yasiyokuwepo. Gari letu lilikuwa peke yake, na kila tuliyemuuliza njia alituonya kuhusu hilo. Ukiacha alama za waliokutangulia, ganda la chumvi linapasuka na chini yake ni tope.

Yapata saa nane mchana tulimwona mama amesimama kando ya njia. Begani alikuwa na mtoto wa kama miaka mitatu, kichwa kimelala shingoni mwake. Miguuni kulikuwa na mtungi wa manjano. Baba watoto alisimama mbali kwanza, kisha akasogea polepole na kushusha kioo nusu. Yule mama alizungumza Kiborana. Hatukushika ila neno "hospitali", na mkono wake ulikuwa unaonyesha upande wa Kalacha. Baba watoto akampa chupa tatu za maji na noti ya mia tano, akapandisha kioo. Binti akasema, "Baba, nafasi ipo, tulishushe hili sanduku la barafu, nitalipakata." Hakujibiwa. Akarudia kwa sauti. Baba yake akasema, "Nimesema hapana," gari likaondoka. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilikuwa natazama mshale wa joto la injini. Sikusema kitu.

Baba watoto anasema aliona vijana wawili wamechuchumaa nyuma ya kichaka. Mimi nilimwona mmoja, mdogo, na mbuzi. Shemeji anasema hakuona mtu yeyote. Usiku ule tulilala Kalacha, chini ya mikoma, mahali pazuri pa ajabu, na binti alisema sentensi moja tu kabla hajaingia kwenye hema: "Kumbe ulikuwa mchezo tu."

Labda nitaje pia kwamba mwaka 2011 baba watoto aliwabeba watu wawili usiku, walikuwa wamesimama kwenye mvua. Walimfunga kamba wakaenda na gari. Alipatikana asubuhi katikati ya shamba la mahindi. Watoto hawajui na hataki litajwe.

Tangu safari ile binti anamjibu baba yake kwa adabu ya mgeni. Siku ya kutembelea wanafunzi alimpa mkono, kama anavyompa mwalimu. Sasa tatizo lenyewe: Desemba alirudi nyumbani na mswada wa filamu ya dakika nane, ambao shule imeuchagua kwa tamasha za drama na filamu. Wataionyesha kwanza kwa wazazi Jumamosi ya pili ya Februari, kabla haijaenda kushindana. Ni safari yetu, Mshauri. Gari ni letu, hata sanduku la barafu limo. Baba anasema "Nimesema hapana" na kupandisha kioo. Yule mama wa jangwani hana jina wala haongei, na mwishoni mtoto wake anakufa. Mimi pia nimo, ila sina neno hata moja. Ukurasa wa tano kuna mabano: (Mama anatazama dashibodi.) Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba binti alinipa nisome nikiwa nimeapa kutomwambia baba yake, na baba yake ameshaomba ruhusa kazini ili ahudhurie, tena amefurahi, anadhani mtoto anaanza kumrudia.

Nimwambie mume wangu? Nimwombe binti aiondoe? Ninyamaze? Na je, nilikosea kuwaonyesha sinema za namna ile? Baba watoto amezipiga marufuku Ijumaa zetu. Anasema sinema zangu zimemfundisha mtoto kumhukumu, na kuna usiku naona anasema kweli.

Mama Asiyejua Aanzie Wapi, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, nakushukuru kwa kuandika kwa urefu, kwa sababu mengi ya maana uliyaweka mahali ambapo mtu anayesoma haraka angeyapita. Niseme kwanza nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umebeba siri mbili. Moja ni ya mumeo, ya mwaka 2011, ambayo watoto hawaijui. Nyingine ni ya binti yako, ya Februari, ambayo baba yake haijui. Umesimama katikati ya watu wawili unaowapenda, kila mmoja amekufunga mdomo kuhusu jambo ambalo mwenzake angelihitaji sana ili amwelewe. Halafu unajiuliza kwa nini huna neno kwenye mswada.

Kwa hiyo naanzia kwenye maneno yako matatu, "Hilo si tatizo." Uliyaandika na kuendelea mbio. Mimi nilisimama hapo. Mwandishi wa miaka 16 alikuwa na uhuru wa kukupa maneno yoyote, hata ya kumuunga mkono baba yake, lakini akakuandikia mabano. Sijui alikusudia nini. Huenda alikuwa anakulinda. Huenda anasema jambo gumu zaidi, kwamba kwake baba alikataa na mama hakuwepo. Na huenda hakufikiria kabisa, aliandika alichokiona akiwa kiti cha nyuma: kisogo chako na uso uliogeukia mshale. Wewe umechukulia kwamba ugomvi ni wa baba na binti, nawe ni mpatanishi. Sina hakika kwamba binti naye anauona hivyo. Aliyeahidi "hata mapajani" ni nani? Baba yake, kwa jinsi ulivyoeleza, hakuwahi kuahidi kitu.

Tafadhali usiyasome hayo kama kofi. Kunyamaza kwako kuna sababu zake na wewe ndiye unayezijua. Mke aliyempokea mumewe akiwa na alama za kamba mikononi, akiona kioo kinashushwa nusu mahali pasipo na mtu wala mtandao wa simu, huenda hatazami mshale wa joto kwa kupenda. Mwili una kumbukumbu zake. Nadhani ndani ya gari lile kulikuwa na watu wawili waliorudi kwenye shamba la mahindi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Je, mmeshazungumza, wewe na yeye, kuhusu dakika zile? Simaanishi kuhusu binti na sinema. Namaanisha yale mlikuwa mnayaogopa mkiwa mmesimama pale. Barua yako inaorodhesha vijana wawili, kijana mmoja na hakuna kijana, kama ushahidi wa mahakamani. Mimi ningependa kujua zaidi mumeo alihisi nini kuliko aliona wangapi.

Sasa sinema. Unauliza kama ulikosea kumwonyesha mtoto, na hapa nina neno, kwa sababu nadhani ile uliyoichagua mmeikata katikati. Mnakumbuka tukio la garini. Lakini baadaye, mke akiwa ameshauawa, yule yule mume aliyekataa kuwabeba watu watatu anajikuta kwenye ndege ndogo inayokimbia wavamizi Sudan. Kuna mtoto wa kike amekimbilia ndegeni pamoja naye. Rubani anakataa kumchukua. Anasema sheria haimruhusu. Mume anabembeleza, anatoa pesa, haikubaliki, na mwishowe mtoto mwenyewe anashuka na kukimbia. Mtu aliyesema hapana sasa anaambiwa hapana, karibu kwa hoja zile zile alizomwambia mkewe. Na rubani si mtu mbaya. Ana ndege moja, ana kanuni, na kuna kesho ambayo atahitaji kurudi pale.

Kwa hiyo sinema ile haikumpa mtoto jibu. Iliweka kukataa katika midomo ya watu wawili ambao huwezi kuwachukia, na ikatuachia wenyewe kazi. (Niongeze la pembeni: waliotengeneza filamu hiyo, baada ya kupiga picha Kibera na Loiyangalani, waliunda mfuko wa kusaidia jamii za sehemu hizo mbili. Naona hata wao hawakuweza kupandisha kioo na kuondoka tu.) Ninachojiuliza mimi ni kuhusu mchezo wenu wa Ijumaa. "Wewe ungefanyaje?" ni swali zuri, lakini lina hila. Anayejibu yuko kwenye kochi, na mwandishi wa sinema ameshamfungia milango yote isipokuwa miwili: beba au acha, fyatua au ngoja. Ile ya Eastleigh iliwachekesha kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kushika kitufe cha kombora. Gari mnalo.

Na jangwani milango haikuwa miwili. Nasema hili kwa uangalifu, maana sitaki kukuongezea mzigo. Usiku ule mlilala Kalacha. Kalacha kuna kituo cha afya, kuna chifu, kuna watu wanaozungumza lugha ya yule mama na pengine wanamjua kwa jina. Katika barua yako hakuna mahali mtu alipowaendea kusema, "Huko nyuma, kiasi cha nusu saa kwa gari, tumemwacha mama na mtoto, anataja hospitali." Labda mlisema na hukuona haja ya kuandika. Labda aibu ya ndani ya gari ilikuwa imewajaa wote watano kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kwamba bado kulikuwa na kitu cha kufanya. Hilo halimhusu baba peke yake, na binti naye alikuwepo. Naliweka mezani kwa sababu mnapogombana kama mlipaswa kumbeba au la, nyote mnabaki pale pale kwenye kioo kilichoshushwa nusu, miezi mitano sasa.

Kuna jambo jingine kwenye mswada ambalo lilinigusa. Watu wawili hawana maneno: wewe, na yule mama. Na mtoto wake anakufa. Dada, mtoto alikufa? Hamjui. Hamjui hata kama alikuwa mgonjwa au amelala. Hamjui kama "hospitali" ilikuwa ni anakokwenda, anakotoka, au mahali anapofanya kazi dada yake. Watu wa kaskazini husafiri hivyo, husubiri lori linalopita, huomba maji kwa kuinua mtungi, na hufika. Simaanishi kwamba hakuwa na shida. Nasema kwamba baba mmoja wa Nakuru, kwenye filamu ya dakika nane, anakaribia kuonyeshwa kama aliyesababisha kifo ambacho hakuna aliyekiona, na mama mmoja wa kaskazini anakaribia kuonyeshwa kama mtu ambaye kazi yake ni kusimama tu akisubiri kuokolewa. Binti yako ni mwandishi, hilo nimeliona kwenye mabano yale. Mwandishi anaweza kuulizwa maswali haya bila kuambiwa afute. Pengine mwalimu wake anaweza kumpata mwanafunzi anayezungumza Kiborana ili yule mama aseme kitu, hata sentensi moja isiyotafsiriwa.

Na baba? Mwambie binti akumbuke filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, kama mmeitazama. Kijana anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa kila kitu siku ya kwanza Nairobi, na baada ya muda sisi watazamaji tunamwonea huruma yeye na genge lake wakiiba vipuri, kisha wakiteka magari. Filamu ile ilimpa mwizi sababu. Walioporwa magari hatukukaa nao sana. Mumeo alikuwa mmoja wa wale ambao kamera haikuwafuata hadi asubuhi, hadi kwenye shamba la mahindi. Binti anaandika filamu yenye dereva ndani yake na hajui habari hiyo.

Hapo ndipo palipo pagumu, kwa sababu unaijua. Najua kishawishi ulicho nacho: umwite binti pembeni, umnong'oneze ya 2011, na kila kitu kiyeyuke. Kingeyeyuka, nadhani. Lakini siri ile ni ya mumeo. Mwanaume aliyekaa kimya miaka yote hii kuhusu usiku aliofungwa kamba, akigundua kwamba mtoto ameambiwa, tena ili amhurumie, anaweza kuona kwamba amefungwa mara ya pili. Angeweza pia kushusha pumzi. Sijui, na wewe pia hujui, ndiyo maana ningependa aulizwe yeye: "Huoni kwamba umri wake sasa unatosha kuambiwa?" Akikataa, huenda ukalazimika kuishi na hapana hiyo.

Kuhusu Februari, nikuambie ninavyoziona njia zilizopo, na hakuna hata moja isiyo na miiba.

Ukimwambia mumeo sasa hivi, unamwokoa na kuona aibu ukumbini. Unavunja pia ahadi uliyompa binti, na huyu ni mtoto ambaye tayari anaamini kwamba ahadi za watu wazima ni mchezo tu. Pia kuna hatari kwamba baba atapiga simu shuleni kwa hasira, filamu iondolewe, na Aprili uwe na binti ambaye haandiki tena au anaandika usiyoyaona.

Ukinyamaza, unatimiza neno lako. Lakini mfikirie baba huyo, ameomba ruhusa kazini, amevaa shati zuri, ameketi kati ya wazazi wenzake, na sanduku lake la barafu linatokea kwenye skrini. Kisha anageuka kukutazama, na usoni mwako anasoma kwamba ulijua. Mimi naogopa dakika hiyo kuliko filamu yenyewe.

Kumwomba binti aiondoe sitakuficha kwamba ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, ingawa wapo wazazi wenye busara ambao wangeichagua, wakisema ya nyumbani hayapelekwi ukumbini. Kuna ukweli ndani yake. Lakini mtoto huyu hakusema vibaya mitandaoni, hakutoroka, hakumtukana mtu. Alichukua jambo lililomuumiza akaliandika, kisha akamletea mama yake asome. Kwa nini alikuletea? Kama alitaka baba asijue kabisa, njia salama ilikuwa kutompa mtu yeyote. Mtoto anayempa mama mswada na kumwambia "usimwambie baba" wakati mwingine anatafuta mtu wa kumsaidia kumwambia baba. Wakati mwingine. Unamjua kuliko mimi.

Kwa hiyo kuna njia ya nne, ya polepole, ambayo inaanzia kwako. Rudi kwa binti, bila kumgusia baba kwanza. Mwambie ulichokuwa unakitazama kwenye ile dashibodi, na kwa nini. Unaweza kumwambia uliogopa bila kumwambia chanzo cha hofu. Mwambie kwamba ulisema ungewabeba, na siku ilipofika hukusema hata "ngoja kidogo." Usijitetee na usijipige sana. Vijana wanachoshwa na wazazi wanaojipiga. Kisha umuulize ataka baba aione filamu wapi: ukumbini, au mezani nyumbani kwanza, akiwa na mswada mkononi na chai mbele yake? Kama atakubali mezani, awe yeye anayempa. Wewe uwepo, lakini usiwe mkalimani. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa, na siku zinakwenda. Akikataa, nadhani unaweza kumwambia wazi kwamba ahadi yako ina mwisho: hutamwacha baba yake aingie ukumbini bila kujua lolote, na unamwambia hivyo mapema ili asije akasema umemzunguka. Hiyo nayo ina bei yake kwako, na ni wewe utakayeilipa, si mimi niliyekaa hapa na kalamu.

Mumeo anasema sinema zako zimemfundisha mtoto kumhukumu. Sikatai kwamba amehukumiwa. Ila angalia anachokifanya mtoto: badala ya kumhukumu baba yake gizani miaka ishirini, kama wengi wetu tulivyowafanyia wazazi wetu, anataka hukumu hiyo ionekane kwenye mwanga ambako inaweza kujibiwa. Baba watoto angeweza kujibu. Ana la kusema. Hata Ijumaa zenu angeweza kuzirudisha yeye mwenyewe siku moja, zamu ikiwa yake, na pengine swali mkalibadilisha kidogo, muulizane "wewe uliwahi kufanyaje?" Hilo ni gumu zaidi na sina hakika mtoto wa miaka 11 awepo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwa sasa una wiki chache, na filamu bado iko kwenye karatasi. Muulize binti kama ukurasa wa tano umeshapigwa picha au bado unaweza kuongezwa mstari. Na kabla hujaenda kumuuliza, keti mahali pa kimya ujue, kama angekuambia "sawa, Mama, sema," ungesema nini pale kwenye gari.